Nebraska: bunge lililovinyima vyama kiti

Aprili 27, 2023, mjini Lincoln, makao makuu ya jimbo la Nebraska nchini Marekani, Merv Riepe alikuwa amekaa kwenye nafasi yake bungeni, na ilipofika zamu yake hakupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Mzee wa miaka 80, Mrepublican, aliyewahi kuendesha hospitali. Mswada uliokuwa mezani ulitaka kupiga marufuku utoaji mimba kuanzia takriban wiki ya 6. Gavana aliutaka, chama chake kiliutaka, na jina la Riepe mwenyewe lilikuwa miongoni mwa waliouunga mkono ulipowasilishwa. Alikuwa ameomba kikomo kisogezwe hadi wiki 12, wenzake wakakataa. Ili mjadala ufungwe zilitakiwa kura 33 kati ya wajumbe 49. Zilipohesabiwa zikawa 32. Mswada ukalala pale pale.

Hesabu ile ina jambo jingine ambalo ni rahisi kulipita. Warepublican bungeni walikuwa 32. Mtoe Riepe, wanabaki 31. Kura ya 32 ilitoka kwa Mdemocrat, Mike McDonnell wa Omaha, mzimamoto wa zamani na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, asiyekubaliana na utoaji mimba. Yaani siku moja, kwenye suala linalowagombanisha Wamarekani pengine kuliko lolote, watu wawili walivuka mstari wakipishana njiani, kila mmoja akitoka upande wake. Na kesho yake wote wawili waliamka na nafasi zao. Riepe alibaki mwenyekiti wa kamati inayoshughulikia biashara na kazi.

Tanzania mbunge akivuliwa uanachama, ubunge nao umekwenda; katiba yenyewe imeandika hivyo. Lakini hata katika majimbo mengine ya Marekani, ambako chama hakiwezi kumvua mtu kiti, Riepe angelala mwenyekiti na kuamka mjumbe wa kawaida. Spika angempigia simu, mnadhimu angemfuata ukumbini, ofisi yake ingehamishiwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Nebraska hakuna mnadhimu. Hakuna kiongozi wa walio wengi wala wa walio wachache. Na Spika hana ubavu wa kumnyang'anya mtu kamati, kwa sababu si yeye aliyeigawa. Ni bunge pekee la jimbo Marekani lenye chumba kimoja, na ndilo pekee ambalo wajumbe wake huchaguliwa bila jina la chama kuandikwa kwenye karatasi ya kura.

Kila mara watu wanapozungumzia namna ya kupunguza mpasuko wa vyama, Nebraska hutajwa. Wengine huitaja kama dawa, wengine kama mfano wa dawa iliyoshindwa. Nionavyo mimi, wote wanaangalia mahali pasipo penyewe. Wanaangalia karatasi ya kura, wakati siri ya bunge hili imo ndani ya chumba: nani anamchagua nani, kwa kura ya namna gani, na nani ana uwezo wa kumwadhibu nani.

Seneta na magurudumu yake

George Norris alikuwa mwanasheria wa mji mdogo wa McCook, kusini magharibi mwa jimbo. Aliingia Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 1903 kama Mrepublican. Mwaka 1910 aliongoza uasi dhidi ya Spika wa chama chake mwenyewe, Joseph Cannon, aliyekuwa akigawa kamati kama mtu anayegawa nyama nyumbani kwake: anayempenda anampa paja, asiyempenda anamtupia mfupa. Waasi wa Republican waliungana na Wademocrat, wakamwondoa Cannon kwenye kamati iliyokuwa ikiamua mswada gani usikilizwe na upi usisikilizwe.

Somo hilo Norris hakulisahau. Mtu akitaka kujua nguvu ya chama iko wapi ndani ya bunge, asihangaike na ilani wala hotuba. Amtafute mwenye kugawa kamati.

Alipokuwa Seneta wa Marekani, kuanzia 1913, jimbo lake lilikuwa na bunge la vyumba viwili kama mengine yote: wawakilishi 100 na maseneta 33. Kilichomchoma ni ile kamati ndogo ya maridhiano iliyoketi pale vyumba viwili vilipopitisha mswada mmoja kwa maneno tofauti. Watu wachache walijifungia, wakakata na kubandika, kisha wakaurudisha mswada na kusema: uchukueni hivi hivi au uacheni. Hakuna kubadilisha nukta. Mwananchi hakuweza kujua nani alitoa kifungu gani, na kila mjumbe akirudi kijijini alikuwa na wa kumsingizia. Norris alikiita chumba cha tatu, kisichochaguliwa na mtu.

Mwaka 1934 uchumi ulikuwa umelala chini, mashamba ya Nebraska yalikuwa yakipeperushwa na upepo wa ukame, na wazo la bunge dogo lililo rahisi kulipia lilikuwa na wasikilizaji. Norris, akiwa na miaka 73, alizunguka jimbo zima kwa gari lake. Inasimuliwa kwamba alimaliza seti mbili za matairi. Novemba ile pendekezo lake lilipata kura 286,086 za ndiyo dhidi ya 193,152 za hapana. Karatasi hiyo hiyo ya kura ilikuwa na swali la kurudisha pombe na swali la kuruhusu kamari ya farasi, na wapo wanaosema kwa utani kwamba watu walikuja kwa ajili ya pombe wakaondoka na bunge jipya.

Akiba ilionekana mara moja. Kikao cha mwisho cha vyumba viwili, mwaka 1935, kilichukua siku 110, kikapitisha miswada 192 na kugharimu dola 202,593. Cha kwanza cha chumba kimoja, mwaka 1937, kikiwa na wajumbe 43, kilichukua siku 98, kikapitisha miswada 214 kwa dola 103,445. Wahusika wa bajeti walifurahi. Lakini chumba kimoja peke yake kisingepunguza mpasuko wowote. Kingeweza hata kuuzidisha, maana hakuna chumba cha pili cha kuzuia. Kilichobeba uzito ni lile sharti la pili, la kuondoa vyama, ambalo baadhi ya marafiki wa Norris walimsihi aliache kwa hofu kwamba lingezamisha pendekezo zima. Akakataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kwa nini mtu anayekwenda Lincoln kuamua juu ya barabara, shule na maji achaguliwe kwa sababu ya msimamo wake juu ya ushuru wa forodha unaoamuliwa Washington?

Ndani ya chumba

Jengo la Bunge la Lincoln lina mnara wa futi 400, na kileleni pamesimama sanamu ya mkulima anayerusha mbegu. Lilijengwa kati ya 1922 na 1932 kwa ajili ya vyumba viwili, hivyo ukumbi mmoja ulibaki bila kazi miaka michache tu baada ya kukamilika. Unaotumika una viti 49 siku hizi. Wajumbe wote huitwa maseneta. Ukitazama kutoka roshani huwezi kusema upande huu ni wa hawa na ule ni wa wale, kwa sababu hawakai kwa vyama. Mrepublican mfugaji wa ng'ombe wa magharibi anaweza kukaa miaka minne ubavuni mwa Mdemocrat wa Omaha, wakiazimana kalamu na kulalamikia kahawa ile ile.

Jambo dogo, nalo si dogo. Lakini lenye nguvu zaidi hutokea siku ya kwanza ya kila kipindi cha miaka miwili. Siku hiyo Spika na wenyeviti wa kamati huchaguliwa na ukumbi mzima, kwa kura ya siri. Mgombea anasimama, anaeleza kwa nini anafaa, karatasi zinagawiwa, zinahesabiwa. Hakuna anayejua nani amempa nani. Wajumbe wa kawaida wa kamati hupangwa na kamati maalumu ya watu 13: wanne kutoka kila mojawapo ya kanda tatu za jimbo, pamoja na mwenyekiti. Mgawanyo ni wa kijiografia. Omaha inataka watu wake kwenye kamati ya mapato, magharibi inataka wake kwenye kilimo, na ugomvi ukizuka unakuwa wa mji na shamba.

Matunda yake ni kwamba kwa miaka mingi, katika jimbo ambalo halijampa mgombea urais wa Democratic ushindi wa jumla tangu 1964, Wademocrat walikuwa wakiongoza kamati nzito. Kuanzia 2013 hadi 2016 kamati ya matumizi ya fedha, ile inayoandika bajeti, iliongozwa na Heath Mello, Mdemocrat kijana wa Omaha. Warepublican walikuwa wengi vya kutosha kumzuia wakitaka. Walimpa wenyewe, kwa sababu alizijua hesabu.

Mambo mengine mawili yanakamilisha picha. Kila mswada lazima usikilizwe hadharani. Hakuna mwenyekiti awezaye kuukalia kimya kwa sababu umetoka upande mwingine, na mwananchi yeyote anaweza kuketi mbele ya kamati na kusema lake. Norris alisema wananchi ndio chumba cha pili. Halafu kuna mchujo wa Mei: wagombea wote huwekwa kwenye karatasi moja, wawili wa juu wanakutana tena Novemba, hata kama wote ni wa chama kimoja. Mgombea wa wilaya ya Warepublican watupu hawezi kushinda kwa kuwafurahisha wakereketwa peke yao mwezi Mei. Atakutana na majirani wote baadaye.

Wenye umri mkubwa Tanzania watakumbuka kwamba uchaguzi wa 1965 nao ulikuwa na wagombea wawili wasio na chama cha kuwatofautisha, mmoja jembe na mmoja nyumba. Kufanana kunaishia hapo. Kule jembe na nyumba vilipitishwa na chama kimoja. Nebraska vyama vipo, vina ofisi na pesa, na kila mpiga kura anayejali anajua mgombea ni wa wapi. Kilichofanyika ni kuvizuia mlangoni.

Je, ilifanya kazi? Mwaka 2002 watafiti wawili wa siasa walichapisha ulinganisho ambao bado naona ni ushahidi bora tulionao. Walichukua Nebraska na jirani yake Kansas, majimbo yanayofanana kama mapacha: nafaka, ng'ombe, Warepublican wengi. Wagombea wa majimbo yote mawili walipoulizwa misimamo yao kabla ya uchaguzi, tofauti ya Republican na Democratic ilijitokeza wazi kote kuwili. Lakini wakishaingia bungeni, kura za Kansas zilijipanga kwa vyama kama askari wa gwaride, wakati za Nebraska hazikuwa na mpangilio wowote wa kueleweka. Leo huyu na yule, kesho yule na huyu mwingine. Yaani watu hawakutofautiana kimawazo kidogo kuliko kwa jirani. Hapakuwa na mtu wa kuzifunga tofauti hizo kuwa tita moja.

Hapa lazima niwe mkweli kuhusu gharama yake, maana watetezi wa Nebraska huipitia haraka. Mpiga kura asiye na muda wa kusoma magazeti anategemea jina la chama kama mnunuzi anavyotegemea chapa ya unga. Ukiliondoa, wengine hawapigi kura hiyo kabisa. Na bunge lisilo na mpangilio ni gumu kuliwajibisha. Ukikasirika na sheria, umkasirikie nani?

Mei 2015

Ukitaka kuona mtambo huu ukifanya kazi kwa kasi yake yote, tazama wiki mbili za Mei 2015. Pete Ricketts, Mrepublican tajiri, alikuwa gavana mpya. Warepublican walikuwa zaidi ya theluthi mbili ya bunge. Kwa hesabu za mezani ilikuwa asali. Katika wiki hizo bunge lilibatilisha kura zake tatu za turufu: juu ya kupandisha kodi ya mafuta ya magari, juu ya kuwapa leseni za udereva vijana walioletwa Marekani wakiwa watoto bila vibali, na juu ya kufuta adhabu ya kifo.

Mswada wa kufuta adhabu ya kifo ulikuwa wa Ernie Chambers, mwakilishi wa kaskazini mwa Omaha, mtu mweusi aliyeingia bungeni 1971 akiwa kinyozi, asiye wa chama chochote, aliyekuwa ameuleta mswada huo zaidi ya mara 30. Alikuwa mjuzi wa kanuni kuliko wote na mkali wa ulimi kuliko wote. Wapo waliomchukia kwa moyo mmoja. Hata hivyo mara hii alikuwa na wahafidhina pamoja naye, kila mmoja na sababu yake. Mmoja aliona ni pesa za umma zinazoteketea bure, kwani jimbo halikuwa limemnyonga wala kumuua mfungwa yeyote tangu 1997. Mwingine alisema hawezi kupinga utoaji mimba asubuhi na kuunga mkono kifo jioni.

Colby Coash, Mrepublican wa Lincoln, alisimulia jambo lililomgeuza. Mwaka 1994, akiwa mwanafunzi wa chuo, alikwenda na wenzake nje ya gereza usiku wa kuuawa kwa mfungwa mmoja. Upande mmoja wa uwanja wa magari palikuwa na bia, nyama ya kuchoma na muziki, watu wakihesabu dakika kuelekea saa sita kama mkesha wa mwaka mpya. Upande wa pili palikuwa na watu wachache wakisali. Yeye alikuwa upande wa bia. Alisema aibu ya usiku ule haikumtoka.

Mei 20 mswada ulipita kwa kura 32 dhidi ya 15. Ricketts akaupiga turufu Mei 26. Kesho yake zilitakiwa kura 30, na shinikizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba kura mbili zilidondoka. Zikabaki 30 kamili, 19 wakipinga. Nebraska ikawa imefuta adhabu ya kifo, jimbo la kihafidhina kwa mikono ya wahafidhina.

Sherehe zilikuwa fupi. Ricketts alitoa pesa zake mwenyewe kusaidia ukusanyaji wa saini, suala likapelekwa kwa wananchi, na Novemba 2016 takriban asilimia 61 wakairudisha adhabu ya kifo. Hilo lina mantiki yake: bunge lilikuwa limekwenda mbele ya watu, watu wakalivuta shati. Kubwa zaidi ni alichofanya gavana kuhusu bunge lenyewe. Kwenye mkutano mkuu wa chama mwaka 2016 aliwataja kwa majina Warepublican waliokuwa wamemwangusha na kusema anahitaji wanaofuata ilani. Mmoja wa maseneta, Laura Ebke, alikasirika akahamia chama kidogo cha Libertarian. Wengine kadhaa walipata wapinzani walioungwa mkono na gavana, wakashindwa.

Mihula miwili, kwaheri

Gavana asingefua dafu miaka 20 kabla. Kwa nini alifaulu 2016? Jibu langu linaanzia mwaka 2000, wananchi walipopitisha ukomo wa mihula: miwili mfululizo ya miaka minne, kisha upumzike. Ulianza kuuma katika uchaguzi wa 2006, wazee wengi wakatoka kwa mkupuo. Inasemekana sana Lincoln kwamba Chambers, aliyekuwa hashindiki, ndiye aliyekuwa akilengwa. Alitoka 2009, akangoja, akarudi 2013, akatoka tena 2021. Lakini sheria ilifyeka wote.

Tazama kilichofuata. Zamani seneta aliyekaa miaka 20 hakuhitaji chama. Jina lake lilijulikana, alizijua kanuni, alikuwa na deni la fadhila kwa huyu na fadhila ya kudai kwa yule. Sasa kila baada ya miaka miwili kunakuwa na viti vitupu vinavyotafuta watu, na mshahara ni dola 12,000 kwa mwaka, haujapanda tangu 1988; wananchi walikataa kuupandisha mwaka 2012. Nani atamtafuta mgombea mgeni, amfundishe, ampe orodha ya wapiga kura na pesa za vipeperushi? Chama. Vilivyofukuzwa mlango wa mbele vikaingia kwa dirisha la jikoni. Uchambuzi uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba tangu ukomo huo uanze, Nebraska ilikuwa miongoni mwa mabunge ya majimbo yaliyokuwa yakipasuka kwa kasi zaidi, ingawa ilianzia chini.

Januari 2017 hayo yalionekana kwa macho. Kwa kura ile ile ya siri, Warepublican walizoa karibu uenyekiti wote wa kamati. Hapo ndipo nilipojifunza kuacha kuitukuza kura ya siri kama hirizi. Inamlinda anayetaka kuvuka. Haiwezi kumpa hamu ya kuvuka asiyekuwa nayo. Kikundi kilichokubaliana mapema kwenye chumba cha hoteli kinaweza kuitumia vizuri kabisa. Kisha baadhi wakataka iondolewe, ili wapiga kura wa vyama wajue nani amemchagua nani, na wengine wakataka idadi ya kufunga mjadala ishushwe. Wiki nyingi za kikao zikaliwa na ugomvi wa kanuni. Mwishoni kanuni zikabaki, na majaribio ya baadaye ya kuiondoa kura ya siri nayo yamekwama mara kadhaa, safari zote kwa sababu wapo Warepublican walioamua kuwa mlinzi wao wa leo ndiye wa kesho.

Mwaka wa kuchoma

Basi turudi 2023. Kabla ya siku ile ya Riepe, Machaela Cavanaugh, Mdemocrat wa Omaha, alikuwa ameahidi kukichoma kikao chote kama bunge lingeendelea na mswada wa kuzuia matibabu ya kubadili jinsia kwa walio chini ya miaka 19. Alifanya alivyosema. Kuanzia mwishoni mwa Februari alisimama kwenye kila mswada, hata ule aliokubaliana nao, akizungumza mpaka saa zikaisha. Alizungumza juu ya vyakula na sinema alipoishiwa na hoja. Nusu ya kikao cha siku 90 ilifika bila mswada hata mmoja kupitishwa.

Waliokuwa wakiililia Nebraska ya zamani walisema huu ndio mwisho wake. Mimi nausoma tofauti kidogo. Ile kanuni ya kura 33 ndiyo iliyowalazimisha kutafuta mtu wa nje ya kundi lao au kumbembeleza wa ndani. Bila hiyo, kura 25 zingetosha, na Warepublican 32 wasingehitaji kuzungumza na yeyote. Uchungu ule wote ulikuwa ni bei ya mazungumzo ambayo wengi wasingependa kuyafanya.

Lakini kilichofuata hakipendezi kukisimulia. Mei, wiki chache baada ya Riepe kuuangusha mswada wa wiki 6, wenzake walichukua kikomo cha wiki 12, wakakibandika kwenye mswada wa matibabu ya vijana. Viwili katika kifurushi kimoja. Riepe akakubali, na mswada ukapita Mei 19 kwa kura 33 dhidi ya 15. Ukuta ule ule uliojengwa kulinda walio wachache ulirukwa kwa ngazi ya kuunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Megan Hunt, aliyekuwa na mtoto aliyehusika moja kwa moja na sheria hiyo, alikihama chama cha Democratic mwezi huo huo, akisema amechoka na vyama vyote viwili. Kiti chake hakikutikisika.

McDonnell naye chama chake kilimkaripia rasmi mwanzoni mwa 2024 kwa kura zake. Aprili akahamia Republican. Ungetegemea kwamba sasa wamempata.

Septemba 2024 ikaja. Tangu uchaguzi wa 1992 Nebraska hugawa kura zake tano za urais: mbili kwa mshindi wa jimbo, moja moja kwa mshindi wa kila wilaya ya Kongresi. Wilaya ya Omaha huweza kwenda kwa Wademocrat, na katika mbio za karibu kura hiyo moja ingeweza kuamua nani anaingia Ikulu ya Marekani. Donald Trump alitaka mshindi achukue zote. Seneta Lindsey Graham alipanda ndege kutoka Washington kuja kuwashawishi. Gavana Jim Pillen alisema ataitisha kikao maalumu akihakikishiwa kura 33. Macho yote yakamgeukia mzimamoto wa Omaha, Mrepublican wa miezi mitano.

Septemba 23 McDonnell alitoa taarifa: siku 43 kabla ya uchaguzi si wakati wa kubadilisha kanuni. Kikao maalumu hakikuitishwa. Palikuwa na maelezo ya kawaida ya kisiasa, maana alikuwa akiutazama umeya wa Omaha na wapiga kura wa Omaha waliipenda kura yao. Sioni aibu katika hilo; kumwogopa jirani badala ya kumwogopa mwenyekiti wa chama ndicho hasa Norris alichokitaka.

Aprili 2025 suala la mshindi kuchukua zote lilirudi kama mswada, McDonnell akiwa ameshatoka bungeni kwa ukomo wa mihula. Warepublican sasa walikuwa 33, idadi kamili inayotakiwa. Kura zilipohesabiwa zilikuwa 31 za ndiyo na 18 za hapana, na Riepe, safari hii, hakunyamaza: alipiga ya hapana.